Mikono ya Mwalimu wa Tope

Kabla hajaitikia salamu yako, alitazama mikono yako kwanza. Ungefika mlangoni umevaa suti ya harusi, umekumbatia shada la maua, machozi yanakutiririka, macho yake yangeshuka moja kwa moja kwenye vidole. "Lete mikono," angesema, na wewe mtu mzima mwenye mke na watoto wawili unanyoosha viganja kama mtoto wa darasa la pili siku ya ukaguzi wa kucha. Anavigeuza. Anatazama katikati ya vidole. Halafu anavinusa, naapa, anavinusa kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Akiridhika ndipo husema, "Marahaba, mwanangu," anaitikia shikamoo uliyoitoa zamani hata umeshaisahau.

Mwanamke huyu tulimwita Mwalimu. Waswahili wote wa huku Marekani, kuanzia Gaithersburg mpaka Manassas, walimwita hivyo, hata wale ambao hakuwahi kuwafundisha kitu. Jina lake lilikuwa limebandikwa mlangoni pa maabara, lakini sikumbuki mtu aliyelitumia. Kwao ni Pemba. Zaidi ya hapo hakusema, na ukimdadisi alikurudishia swali: "Zile neli umeshaziosha?"

Neli ni vile vichupa vyembamba vya kioo vya kufanyia majaribio, na ndizo zilizotukutanisha. Miaka hiyo ya elfu mbili na kitu, mchana nilikuwa nakatisha tiketi kwenye maegesho ya magari, jioni nasoma kemia katika chuo cha jamii, darasa lenye wauguzi, madereva wa teksi, mpishi mmoja kutoka Salvador, na mimi. Yeye ndiye aliyekuwa akitufundisha, Jumanne na Alhamisi. Jioni moja baada ya somo wenzangu wamekwisha kukimbilia mabasi, mimi nimebaki kwenye sinki naosha vyombo vya kundi letu. Nikahisi mtu nyuma yangu.

"Nani kakufundisha kuosha?"

"Mama yangu, Mwalimu."

"Wapi?"

"Dodoma. Kwetu maji yalikuwa ya foleni. Chombo kikioshwa vibaya unatakiwa urudie, na maji ya kurudia hakuna."

Akachukua neli moja, akaiinua kwenye taa, akaizungusha. Nadhani aliitazama kwa nusu saa. Mke wangu anasema haiwezekani ikawa nusu saa. Basi tuseme dakika ishirini na tisa. Kisha akasema, "Jumatatu saa mbili asubuhi uje maabarani kwangu. Hao wa maegesho waambie wamepata hasara." Ndivyo nilivyoajiriwa. Watu wengine huajiriwa kwa shahada, mimi kwa sinki.

Kazi yake yenyewe ilikuwa kutafuta mafuta ya vijidudu katika tope la chini ya bahari. Najua linavyosikika. Mke wangu nilipomweleza mara ya kwanza alinihurumia. Lakini Mwalimu alikuwa na namna ya kulieleza jambo mpaka hata mpishi wa Salvador akaacha kusinzia.

"Mtu kakaanga samaki jikoni," alitwambia darasani. "Wewe umeingia kesho yake. Samaki hayupo, aliyekaanga hayupo, waliokula wamekwenda zao. Utajuaje kilichopikwa?"

"Harufu," akasema muuguzi mmoja.

"Dirisha liko wazi, harufu imetoka."

"Sufuria," nikasema mimi.

"Ahaa! Sufuria ina mafuta. Na mafuta hayana haraka ya kwenda popote."

Basi akatuchorea bahari ubaoni. Akasema ziko bahari ambazo huko chini kabisa hakuna hewa ya kuvutia pumzi hata chembe. Samaki hafiki, kaa hafiki. Kutoka ardhini inapenya gesi ya methani, ile ile ya kupikia, inapanda polepole topeni. Kama ingefika yote juu angani, dunia ingekuwa na joto la kukaangia mayai barabarani, na hapo simnukuu yeye, hayo yangu. Lakini haifiki. Chini huko kuna vijidudu vinavyoila. Viwili viwili, alisema, jamii mbili tofauti zimekumbatiana kwenye kidonge kidogo kuliko chembe ya vumbi: mmoja anaila gesi, mwenzake anatumia chumvi ya bahari kumsaidia kupumua, na wakimaliza wanaacha harufu ya mayai mabovu.

"Wakila bila hewa wanaishije?" akauliza dereva wa teksi.

"Taratibu. Wewe unataka kila mtu aishi kama unavyoendesha?"

Darasa likacheka. Ukweli ni kwamba hakukuwa na dereva duniani aliyeendesha kama yeye. Na hapa niseme juu ya mambo yake yaliyokuwa hayapatani, maana alikuwa nayo ya kutosha kijiji kizima. Mwanamke aliyeweza kukaa saa nzima akingoja tone moja lidondoke kutoka kwenye bomba la kioo, bila kukohoa, akishika usukani kwenye barabara kuu namba mia mbili na sabini alikuwa gari la zimamoto. Nilipanda naye mara mbili. Mara ya kwanza nilisoma dua zote ninazozijua, na mimi ni Mlutheri.

Maabarani alipiga marufuku manukato, losheni, mafuta ya nywele, hata sabuni ya kunukia. Lakini Jumamosi, kwenye mkusanyiko wa Waswahili, ungemjua kwa udi kabla hajaegesha gari. Nguo za kazini aliziweka kwenye buti la gari ndani ya mfuko mmoja, nguo za kwenda kwa watu kwenye mfuko mwingine, na kati ya mifuko hiyo aliweka gurudumu la akiba kama mpaka wa nchi mbili. Kwa kiyeyushi, ile dawa ya kukamulia mafuta kutoka kwenye tope, alikuwa bahili ajabu. Alipima kana kwamba anatoa damu yake. Kwa chakula hakujua kipimo. Mwezi wa Ramadhani, mimi Mkristo nilinenepa kuliko waliofunga.

Na alinichokoza kuhusu ugali. Ee, hapo hakuchoka. Nikifungua kopo langu saa sita, ugali na mchicha, anapita nyuma yangu: "Nyinyi watu wa bara mna meno ya chuma. Hiyo saruji unaichanganya na kokoto au peke yake?"

"Mwalimu, hii ndiyo iliyonifikisha Marekani."

"Naona. Ndege ilikunywa mafuta maradufu."

Yeye alijitangaza kuwa mtu wa wali. Kopo lake lilikuwa na wali kila siku, mweupe, na samaki kipande. Nilimwamini. Nani atamshuku mtu wa Pemba kuhusu wali?

Sasa kilichomfanya awe yeye kilikuwa shahidi. Shahidi ni neli tupu. Tukiwa na neli tano za tope, tunaweka ya sita isiyo na kitu ndani, na hiyo ya sita inafanyiwa kila zinachofanyiwa zile nyingine: inamiminiwa kiyeyushi kile kile, inatikiswa, inachujwa, inakaushwa, inafunikwa foili ile ile iliyochomwa kwenye tanuri, na mwisho inaingia kwenye mashine kama mgonjwa mwingine yeyote. Mashine inachora mstari. Penye aina ya mafuta, mstari unapanda kilima. Neli tupu inatakiwa itoe mstari bapa kama meza. Ukiona kilima kwenye neli tupu, ujue uchafu umetoka kwenu nyinyi wenyewe, kwenye glavu, kwenye plastiki, kwenye kidole, wala si baharini.

"Huyu hana la kupata wala la kupoteza," alikuwa akiniambia, ameishika neli tupu. "Hawa wengine wote wanataka kunifurahisha. Huyu hapana."

Mafuta ya kidole alikuwa akiyaogopa kuliko moto. Alinieleza kwamba ngozi ya binadamu, hasa pua na paji la uso, inatoa mafuta yake, tunayasambaza kwa vidole kutwa nzima, na kwa balaa mafuta hayo ni ndugu wa karibu kabisa wa yale anayoyatafuta topeni. Ukijikuna pua halafu ukashika neli, umeshamwingiza binadamu chini ya bahari. Ndiyo maana ya "lete mikono".

Tope lenyewe lilifika mwishoni mwa Novemba. Lilitoka chini ya Bahari Nyeusi, limekatwa na meli ya watafiti, likagawiwa kama nyama ya mbuzi wa sherehe kwa maabara nyingi, na fungu letu lilikuwa silinda moja isiyozidi urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko mpaka kiganja. Alikuwa ameliomba kwa miaka. Mkataba wa maabara yetu ulikuwa unaisha Juni, meli haikuwa na safari nyingine, na Machi alikuwa na nafasi ya kusimama mbele ya wataalamu wenzake katika hoteli moja Washington. Akiwa na jambo jipya la kusema, maabara ingeendelea. Akirudia yaliyosemwa na wengine, tungefunga.

Silinda aliifungua peke yake. Alinitoa nje, akafunga mlango, nikabaki kwenye korido nikinusa mayai mabovu kupitia chini ya mlango. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, mikono ameiingiza kwenye mifuko ya koti jeupe. Akanipita. Ilikuwa siku ya kwanza na ya pekee aliponipita bila kuomba mikono yangu. Nikasema moyoni, harufu imemlevya.

Wiki zilizofuata tulikamua tope lile gramu kwa gramu. Mwezi Januari likabaki fungu la mwisho. Siku hiyo theluji ilianguka mpaka shule zikafungwa. Mwalimu alikwama nyumbani, mimi nikafika, kwa sababu mtu wa Dodoma akishaamua kufika anafika. Nilikuwa na mtihani wa hesabu jioni, kama chuo kingefunguliwa. Kiyeyushi kilichobaki kwenye chupa kilitosha neli za tope, ya shahidi ingehitaji kufungua chupa mpya. Nikatazama ile neli tupu. Nikaona kufungua chupa nzima ili nioshe hewa ni ubadhirifu, na nikimjua alivyo bahili, nikaona namfanyia hisani. Sikumweka shahidi. Halafu boksi la glavu likaisha, stoo imefungwa, na foili ya kufunikia nikaikunja kwa mkono mtupu. Kwa nje tu, nilijiambia. Kwa nje tu.

Aliyekuwa anaendesha mashine alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mtu mrefu wa tai kila siku, tuliyemwita Fundi. Mashine alizisemesha kama wakwe. Siku neli zile zilipopita mashineni, alikuja mbio ana karatasi mkononi.

"Maman Profesa! Kuja uone! Tulikuwa na vilima sita, vyote tunavijua. Huku iko ya saba!"

Nikakimbilia nami. Kweli, vilima sita vya mafuta ya vijidudu wala-gesi vimejipanga kama kawaida, na mbele yao, peke yake, cha saba, kirefu kama mnara.

"Ni nini hicho?" nikauliza.

"Inafanana na mafuta ya ngozi," akasema Fundi. "Lakini kuna vijidudu vya chumvini vinatengenezaka mafuta hayo hayo. Kama na hawa wala-gesi wanatengeneza, Papa, hakuna mtu aliisema bado. Tutakuwa wa kwanza!"

 Mwalimu aliishika ile karatasi kwa mikono miwili. Mimi na Fundi tulishaanza kucheza rumba katikati ya mashine.

"Shahidi yuko wapi?" akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Fundi akanitazama. "Leo hakunipa."

Mimi ni mtu wa maneno mengi, hilo mmeshaliona. Siku hiyo nilipiga hesabu ya hasara kwanza. Niliona kazi yangu ikienda, cheti changu kikienda, nikajiona nimerudi kwenye kibanda cha maegesho mpaka uzee. Ningeweza kusema shahidi alivunjika. Neli huvunjika. Lakini alikuwa ananitazama mikono.

"Hayupo, Mwalimu."

"Yuko friza gani?"

"Hayupo popote. Sikumweka. Ile siku ya theluji. Nikaona tunapoteza kiyeyushi."

"Na glavu?"

"Ziliisha. Foili niliikunja kwa mkono."

Fundi akasema neno la Kifaransa ambalo sitaliandika. Mwalimu akakaa kwenye kiti. Nilitegemea ngurumo itakayosikika Baltimore. Badala yake mabega yake yakashuka, taratibu, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilidhani ni huzuni. Kwa miaka niliamini ni huzuni.

"Tope limekwisha," akasema hatimaye. "Hatuwezi kurudia. Fundi, tuipime kaboni."

Hii kupima kaboni niieleze, maana ndiyo hukumu yenyewe. Kaboni iko nyepesi na iko nzito kidogo. Ile ya gesi ya chini ya bahari ni nyepesi mno, na anayeila, mafuta yake yanakuwa mepesi vivyo hivyo, chakula kinamfichua. Vilima vyetu sita vilikuwa vyepesi kama inavyotakiwa. Cha saba kikitoka chepesi, ni cha kijidudu, na Mwalimu ana jambo lake. Kikitoka kizito, ni cha mtu. Mabaki ya mafuta yalitosha kupima mara moja tu, na jibu lilichukua siku tisa. Siku tisa zile sikuonja nyama, na mimi si mtu wa kukataa nyama.

Fundi alileta jibu akitembea polepole, tai imelegea.

"Kizito," akasema. "Kizito sana hata kwa mtu. Hii ni mtu wa mahindi."

Mahindi, unajua, yana namna yake ya kuvuta hewa. Yanabeba kaboni nzito kuliko mpunga au ngano. Anayekula mahindi, ngozi yake inasema. Fundi akanitazama. Mimi nikatazama kopo langu la chakula pale juu ya friji. Mungu wangu, nikawaza, ugali wa Dodoma umeonekana chini ya Bahari Nyeusi.

"Ni mimi, Mwalimu," nikasema. "Nifukuze."

"Nyamaza," akasema. "Nchi hii nzima inakula mahindi. Ng'ombe wao wanakula mahindi, kuku wao mahindi, soda zao mahindi. Kwa ushahidi huu nitamfunga nani? Milioni mia tatu?"

"Lakini mimi ndiye niliyeshika foili."

"Nimesema nyamaza. Kaoshe neli."

Machi akaenda hotelini, nami nikaenda kumbebea mikoba. Ukumbi ulikuwa na watu elfu, au mia mbili, walionekana elfu. Angeweza kuonyesha vilima sita na kukikata cha saba, hakuna ambaye angejua. Alivionyesha vyote. Akaweka fimbo yake juu ya cha saba, akasema, kwa Kiingereza chake cha Pemba kisicho na haraka, kwamba hicho ni kidole cha mtu wa maabara yake, kwamba neli tupu haikuwekwa, na kwamba kosa ni lake yeye mwenyewe. Kijana mmoja akacheka kule nyuma. Kisha nikaona maprofesa wenye ndevu, safu ya mbele nzima, wanatazama viganja vyao.

Juni tukafunga. Fundi akahamia Virginia. Mwalimu akastaafu, akapanga nyumba ndogo Greenbelt. Mimi nilimaliza masomo ya jioni mwaka uliofuata, nikapata kazi kwenye maabara ya dawa barabara ile ile ya mia mbili na sabini, na sasa nina watu sita chini yangu ambao kila asubuhi nawaambia wanyooshe mikono. Wananiona kichaa. Binti yangu alikuja siku moja kuniona kazini, akaniuliza kwa Kiingereza, kama wanavyotujibu siku hizi, kwa nini naosha mikono yangu kila dakika. Nikamwambia ni mambo ya kazi. Haikuwa kazi. Kila nilipoiona mikono yangu niliiona ile karatasi, nikawaza, kwa kidole hiki nilimfungia mtu maabara.

Miaka minne ikapita. Simu ilikuwepo, sikukuu tulisalimiana, lakini kwenda nilikuwa naahirisha. Halafu Oktoba moja akanipigia mwenyewe: "Jumapili uje ule. Usilete kitu. Leta njaa."

Nilimkuta amepungua, kitambaa cha kichwa kinaonekana kikubwa. Nikatoa shikamoo, nikanyoosha mikono kabla ya kuambiwa. Hakuitazama. "Marahaba, marahaba, ingia," akasema, mara moja, kama watu wengine, na hilo likanitia hofu kuliko kupungua kwake. Nyumba ilinuka udi na dagaa wa kukaanga. Mezani palikuwa na bakuli limefunikwa. Akafunua.

Ugali. Mweupe, umevimba, unafuka moshi.

"Mwalimu, umenipikia saruji?"

"Nimejipikia mimi. Wewe utanisaidia."

"Tangu lini?"

"Tangu nina meno mawili. Wewe unadhani watoto wa kwetu walikula wali kila siku? Wali ulikuwa wa Idi. Kazini nilibeba wali nionekane nimeendelea. Nyumbani nilisonga huu, kila jioni ya Mungu."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Yeye hakucheka. Nami kicheko kikaniishia polepole, maana akili yangu, iliyosoma jioni, ilikuwa inafika mahali ambapo yeye alikuwa ameshakaa ananingoja.

"Siku silinda ilipofika," akasema, "nilifunga mlango, nikaikata, nikalitazama tope. Miaka thelathini nimeshika matope ya watu kwa glavu. Lile halijapata kukutana na hewa tangu lilipotulia huko chini, sembuse mtu. Nikavua glavu. Nikaweka kidole." Akakiinua kidole cha shahada. "Kimoja, kwenye ncha ile tuliyoibakiza mpaka mwisho. Lilikuwa la baridi, laini kuliko unga uliochekechwa. Nililia, mwanangu. Kisha nikavaa glavu na kuendelea na kazi kana kwamba si mimi."

Nikakitazama kile kidole.

"Sasa fikiri kama nilivyokufundisha. Ungemweka shahidi siku ile ya theluji. Akitoka na kilima, kosa ni la foili yako. Akitoka safi, basi kidole kiliingia topeni kabla wewe hujaligusa. Na aliyelifungua ni mmoja." Akashusha mkono. "Niliuliza shahidi yuko wapi huku namwogopa. Uliposema hukumweka, nilifurahi. Mimi! Mbele yako wewe unangoja kufukuzwa, mimi nilifurahi."

Nikayakumbuka yale mabega.

"Pale hotelini ulisema kosa ni lako," nikasema.

"Nilisema wakadhani ni adabu ya mkubwa kumbebea mdogo. Nikawaacha wadhani. Nawe nikakuacha udhani."

"Mwalimu, miaka minne nanawa mikono mara arobaini kwa siku."

"Mke wako kaniambia. Ndiyo maana nimekuita."

"Kwa hiyo ilikuwa mimi au wewe?"

"Hatutajua," akasema. "Shahidi hayupo."

 Ugali ulikuwa unapoa, na ugali ukipoa ni kweli unakuwa saruji, hilo hata mimi nakiri. Kando ya meza palikuwa na beseni na birika la maji ya vuguvugu aliloliandaa kuninawisha, mwenyeji kwa mgeni. Akalinyanyua, likamlemea, maji yakamwagika kwenye kitambaa cha meza. Nikasimama nikalichukua birika.

"Lete mikono," nikamwambia.

 Akainyoosha juu ya beseni. Nikaishika, nikaigeuza, nikatazama katikati ya vidole, nikainamisha kichwa nikainusa. Udi, dagaa, unga wa mahindi. Nikamimina taratibu, tone kwa tone kama alivyonifundisha, kiganja hiki, kiganja hiki, halafu kile kidole peke yake, na nilipofika hapo sikuwa na haraka, wala yeye hakuuondoa mkono mpaka birika likaisha.